Asiyetolewa Mchezoni

Pumu ya Mandakini ilipona akiwa na miaka tisa. Tabibu mmoja wa pale Sangli, mji wa India, mzee aliyekuwa akishika mkono wa mgonjwa huku kafumba macho, alimwambia mama yake, "Mwache mtoto acheze. Kifua kimefunguka." Mama akashukuru, akarudi nyumbani na habari njema, akawaambia majirani wote. Lakini uwanjani habari hiyo haikufika.

Uwanjani, kwa wasichana wa shule ile iliyokuwa nyuma ya soko la bizari ya manjano, Manda alikuwa ndimu mbichi. Hakuna mtoto wa Kimarathi asiyejua maana yake. Watu wakitaka kucheza kukimbizana, na pana mdogo wa mtu kang'ang'ania kuingia, au mgonjwa atakayelia akiachwa, wakubwa humpokea wakasema huyu ndimu mbichi. Basi atakimbia na wenzake na kupiga kelele na wenzake, ila akikamatwa hatoki, na akimkamata mtu, mtu huyo naye hatoki. Ni adabu nzuri, wazee huisifu sana, husema watoto wetu hawambagui mtu. Mdogo hukua, mwaka wa pili akahesabiwa kama wengine, na mambo yakaishia hapo.

Ya Manda hayakuishia hapo. Alifanywa ndimu mbichi darasa la pili, siku mwalimu alipokitangaza kifua chake mbele ya wote, na tangu hapo hakuna aliyekaa akalifikiria tena jambo hilo. Kengele ya mapumziko ikilia, wasichana walifunika vyombo vyao vya chakula na nusu ya mkate wa mtama bado imo ndani, wakakimbilia uwanjani, na Vrunda akaanza kugawa watu. Vrunda alikuwa mrefu, ana misuko miwili na sauti ya kusikika mpaka sokoni. "Wewe huku. Wewe kule. Wewe unakimbiza. Manda ndimu." Alilisema la mwisho bila hata kugeuka.

Tusidanganyane, mwanzoni palikuwa patamu. Hakuna aliyemvuta nywele Manda, hakuna aliyemzomea. Wenzake walianguka wakachubuka magoti, wakagombana, wakanuniana, wakaapa hawatasemeshana tena maisha yao yote, kisha kesho yake wakala pamoja. Yeye alipita katikati ya hayo yote salama salimini. Mkimbizaji akija mbio kuelekea kwake alijikunyata kwa woga na furaha, na mkimbizaji akampita akamfuata mwingine.

Siku moja ya baridi, wakiwa darasa la tano, Manda alimkimbiza Vrunda. Alimkimbiza kwelikweli, kutoka bomba la maji mpaka ukuta wa nyuma, kifua kikimtii kama tabibu alivyosema, akamshika msuko. "Umetoka!" akapiga kelele. "Vrunda katoka!"

Wakacheka, wala hawakucheka kwa ubaya. Vrunda alimpapasa kichwani. "Umekimbia vizuri, Manda. Lakini we ndimu, shoga. Yako haihesabiwi."

"Kifua changu kimepona. Mama kasema."

"Najua, najua. Haya jamani twende, kengele hiyo italia!"

Mchezo ukaendelea. Manda akabaki katikati ya uwanja, anahema, moyo unamwenda mbio, na watu wanamzunguka wakipita kulia na kushoto. Alitamani mtu ampige hata kofi. Kesho yake alisema tumbo linamuuma, akakaa chini karibu na bomba. Walimpa pole. Kila siku Vrunda alimwita, "Njoo, Manda!" na kila siku tumbo lilimuuma, mpaka wakamaliza shule.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hawakutuambia kwamba samaki hukunjika hata akiachwa juani bila mkono wa mtu. Watu husema mambo ya uwanjani ni ya kitoto, yanapita. Waulize waliokaa karibu na bomba. Manda tangu siku ile hakukimbia tena, na aliyeacha kukimbia ana miaka kumi na mmoja huja kuiona miguu yake kuwa ni kitu cha kumfikisha jikoni na kumrudisha.

Akaolewa na Dinkar, karani wa soko la manjano, mtu mpole asiyepaza sauti. Katika nyumba ya wakwe, mawifi walipobishana nani apike siku ya sikukuu, wakimgeukia yeye walimkuta keshawasha jiko. Alijikata kwa kisu, akafunga kitambaa. Uchungu wa kumzaa binti yake Ketaki ulimshika tangu asubuhi, naye akaendelea kuchoma mikate mpaka maji yakamwagika miguuni pake. Mkunga alimfokea, "We mwanamke, Mungu hakukupa mdomo?" Mdomo alikuwa nao. Alichokosa ni imani kwamba likimpata yeye jambo, kuna kitakachobadilika.

Kazi ilikuwa ya kusimama jikoni na kukaa, chai ilikuwa tamu, na mwili ukanenepa. Alipofika miaka hamsini, sukari ikapanda.

Daktari wao alikuwa kijana aliyekwenda shule na Ketaki. "Shangazi," alimwambia, "dawa peke yake haitoshi. Tembea kila asubuhi, kwa kasi, mpaka jasho likutoke. Na usitembee peke yako, utaacha kabla ya wiki kuisha. Tafuta kundi."

"Sawa, mwanangu."

"Na kagua miguu kila siku. Imeanza kufa ganzi, unaweza kuumia usijue. Ukiona kidonda hata cha ncha ya sindano, njoo hapa mbio."

Kundi lilikuwepo, na lilitembea pale pale, kwenye uwanja wa shule, kabla watoto hawajafika. Kiongozi wake alikuwa Vrunda. Misuko ilikwisha, nywele zilikuwa fupi na nyeupe, kastaafu kazi ya benki, mjane, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Manda! Manda wetu!" Alimkumbatia mbele ya wote. "Jamani, huyu ni ndimu yetu tangu shule. Msimbane."

Wanawake wakacheka na kumpisha. Hapakuwa na haja ya kuelezana, kila mmoja wao alikulia uwanja kama ule.

Sheria ya kundi ilikuwa mizunguko mitano. Asiyeitimiza aliwanunulia wote chai pale getini, na juu ya chai alikula utani mpaka akajuta kuzaliwa. Siku ya kwanza Manda aliishiwa pumzi mzunguko wa pili, akakaa kwenye benchi la saruji chini ya ukuta. Wenzake walipomaliza, Vrunda alipiga makofi: "Na Manda kamaliza!" Wote wakapiga makofi. Siku hiyo hiyo Ratnaprabha, mke wa fundi wa matrekta, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, alisimama mzunguko wa nne.

"Ratna! Mumeo anakulisha unga au anakulisha vyuma?"

"Mwacheni, anasubiri avutwe na trekta!"

Ratna alikasirika mpaka machozi yakamlengalenga. Alinunua chai, hakunywa. Kesho yake alimaliza yote mitano, uso umemvimba kwa hasira, na wiki mbili baadaye alikuwa akiongoza safu. Manda alimtazama kutoka kwenye benchi akamwonea wivu. Kisha Vrunda akamhesabia tano, naye akatabasamu. Kuhesabiwa usichofanya ni kutamu, na mtu mzima naye hupenda kitamu.

Mvua zilipokwisha alikuwa akitembea mzunguko mmoja. Ilipofika sikukuu ya Diwali alikuwa akitoka getini mpaka kwenye benchi, anawashikia wenzake chupa za maji na shali. Nyumbani alimwambia Dinkar, "Nimetoka kutembea." Kwa daktari alisema, "Natembea na kundi, mwanangu, sikosi siku." Hakuona kwamba anadanganya. Kweli hakukosa siku. Daktari alikuna kichwa, akaongeza dawa.

Mwezi wa Desemba kijiwe kiliingia kwenye kiatu chake cha kushoto. Hakukisikia. Alirudi nacho nyumbani, na alipovua soksi akakuta damu kidogo chini ya kidole gumba. Akaosha, akapaka manjano, akavaa soksi nyingine. Alikumbuka vizuri maneno ya daktari, kwamba aende mbio. Lakini Dinkar alikuwa na mafua, na mtoto wa wifi alikuwa akichumbiwa wiki ile, na kidole ni kidole tu. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Kwa Manda harufu ilitangulia. Ketaki alikuja kutoka mji wa Pune mwisho wa juma la tatu, akaingia chumbani, akasimama.

"Mama, nini kinanuka?"

"Panya labda."

"Mama. Vua soksi."

Wakampeleka Miraj, hospitali ambako watu wa mkoa mzima hupelekwa mambo yakiharibika. Kidole kilikatwa. Yule daktari kijana alikuja kumwona akakaa pembeni ya kitanda, amekasirika kiasi cha kusahau adabu.

"Wiki tatu unatembea na kidonda! Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani si kitu."

"Si kitu kwa nani?"

Daktari akavuta pumzi, akamweleza polepole, asije akasema hakuambiwa. Sukari yake isiposhuka kabla ya mvua za Juni, damu haitafika mguuni, na safari ijayo hakitakatwa kidole. Utakatwa mguu, hapa, akamgusa chini ya goti.

Alirudi nyumbani siku ya Sankranti, sikukuu ya katikati ya Januari. Siku hiyo watu hupeana vijiladu, vitonge vitamu vya ufuta na sukari guru, na kila anayetoa humwambia anayepokea, shika tamu, useme matamu. Kundi zima lilikuja limevaa sari nyeusi za sikukuu. Walileta matufaha, na wakatafuta vijiladu vidogo kuliko vyote sokoni ili visimdhuru. Vrunda alikaa kitandani kabisa, akamtia kimoja kiganjani.

"Shika tamu, useme matamu. Na usihofu kitu, shoga. Benchi lako lipo, hakuna anayelikalia. Utakuja, utakaa, utatushikia chupa. Tutakuhesabia tano kila siku, kidole kiwepo kisiwepo!"

Wakacheka. Dinkar mlangoni naye akacheka kwa shukrani. Manda alikitazama kijiladu.

"Vrunda."

"Naam, shoga."

"Huruma yenu imenila kidole."

Ratna aliyekuwa anamenya tufaha alisimamisha kisu.

"Unasema nini wewe?" Vrunda aliuliza. "Mimi ndiye niliyekukata?"

"Hukunikata. Hukunigusa. Tangu darasa la pili hujanigusa mchezoni."

"Dawa zinamsumbua," Dinkar alisema. "Mama Ketaki, lala kidogo."

"Silali. Ratna ana magoti mabovu kuliko miguu yangu. Aliposimama mzunguko wa nne mlimsimanga mpaka akalia. Mbona yeye hamkumhurumia?"

"Ratna tunamjua," mmoja akasema kwa unyonge.

"Na mimi?"

Vrunda akasimama. "Sikiliza, Manda. Kulikuwa na wasichana waliokaa ukutani miaka yote, hakuna hata aliyewajua majina. Wewe nilikuita. Kila siku ya Mungu nilikuita! Leo wema umekuwa dhambi?"

Ilikuwa kweli. Alimwita kila siku, na Manda hakuwahi kulisahau hilo, ndiyo maana liliuma zaidi. "Uliniita," alisema, "ukaniacha nimesimama katikati."

"Basi sitakuita tena." Vrunda alichukua mkoba wake akatoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja, wakimpungia Manda mikono kama wageni. Kijiladu kilikuwa bado kiganjani, kimeanza kunata. Ketaki alikichukua akakitupa. Manda alikaa na hasira mpaka jioni, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu ya nafsi yake. Hakuna aliyemfunga kamba kwenye benchi. Alijikalisha mwenyewe, makofi akayapokea mwenyewe.

Kidonda kilifunga mwezi wa Machi. Alipewa kiatu chenye kitambaa kizito ndani badala ya kidole, akajifunza kusimama upya, kwanza chumbani, halafu uani. Kipimo cha sukari kiliteremka kidogo kikagoma. Daktari akasema ni wakati wa kutembea, aanze na mizunguko miwili, kwa kasi, bila kupumzika katikati. Juni ilikuwa inakuja.

Asubuhi ya kwanza ya Aprili alikwenda uwanjani. Joto lilikuwa limeshaanza. Walimwona wakainamia kamba za viatu vyao. Miezi yote ile Vrunda hakumpigia hata simu.

"Nimekuja mnihesabu," Manda alisema. "Kama wengine."

Vrunda hakumtazama usoni. "Ngapi?"

"Daktari kasema miwili."

"Miwili basi. Ukianza umeanza."

Hapakuwa na kukumbatiana. Walianza kutembea, na Vrunda akaja akashika nafasi pembeni yake, kanuna, mikono nyuma. Mzunguko wa kwanza ulipita. Wa pili, walipofika upande wa bomba, mguu wa kushoto ukaanza kumvuta chini na jasho likamwingia machoni. Pumzi ilikatika. Benchi lilikuwa pale pale, kivuli kimelifunika, na kona iliyobaki ilikuwa moja.

Akasimama, akashika ukuta.

"Vrunda. Leo inatosha. Kimebaki kipande tu."

Ratna alishainua mikono, tayari kupiga makofi, kwa mazoea na kwa moyo mwema. Manda aliiona mikono ile, na pamoja na yote aliyoyasema siku ya Sankranti, na mguu wake kuwa hatarini, aliyataka makofi yale. Aliyataka kama mlevi anavyotaka chupa.

"Shusha mikono, Ratna," Vrunda alisema. Kisha akamgeukia Manda, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akamtazama machoni. "Hujamaliza. Umetoka. Chai ni yako."

"Nina vidole tisa, Vrunda!"

"Nimeviona. Umetoka."

"Una roho mbaya wewe!"

"Ndiyo unajua leo?"

Getini aliwanunulia chai wote, na yeye akanywa isiyo na sukari. Kwanza walinywa wakitazamana. Halafu Ratna, ambaye hakuwa amesahau utani wa trekta, akasema, "Manda, hospitali ilichukua kidole kimoja tu. Mbona unatembea kama uliiachia miguu yote miwili Miraj?"

Wengine waliguna, kisha kicheko kikawashinda. Vrunda alicheka mpaka chai ikammwagikia. Manda hakucheka. Lilimchoma. Hakuwahi kujua linachoma namna ile, kumbe wenzake waliishi na hili tangu darasa la pili, wakachomwa asubuhi wakala pamoja mchana. Aliweka kikombe, akaenda zake bila kuaga.

Nyumbani alikaa jikoni akalia kwa sauti. Dinkar alikuja akasimama mlangoni na gazeti mkononi, mpole kama siku zote. "Basi usiende tena," alisema. "Si lazima. Pumzika tu wewe."

"Baba Ketaki," Manda alisema, "niache."

Kesho yake alifika getini kabla ya wote, kafunga kiatu mpaka mwisho wa kamba, hamsemeshi mtu. Alipomwona Vrunda anakuja kwa mbali alimchukia kwa moyo wake wote. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na hakuwa amewahi kushindwa na mtu mpaka jana.